Choo Kisichojaa na Kisima Kisichokauka

Si ajabu, katika mitaa ya Bofu iliyoko Likoni, kusini ya kivuko cha Mombasa, kumsikia mwenye nyumba akitaja sifa mbili anapomwonyesha mpangaji chumba. Sifa ya kwanza ni kwamba kisima cha uani hakikauki, hata siku za kaskazi jua likiwa kali na majani yote yamekauka. Sifa ya pili ni kwamba choo hakijai. Kilichimbwa zamani, kimetumiwa na wapangaji wengi waliokuja na kuondoka, wala hakijapata kuhitaji gari la kunyonya. Mpangaji huzisikia sifa hizo akaridhika, maana maji na choo ni mambo mawili yanayomsumbua mtu wa mjini kuliko mengi mengine.

Lakini sifa hizo mbili, zikiwekwa pamoja, zazaa swali ambalo ni wachache wanaosimama kulifikiri. Uchafu unaoingia chooni miaka nenda miaka rudi bila choo kujaa, unakwenda wapi? Na maji yanayotekwa kisimani kutwa kucha bila kisima kukauka, yanatoka wapi? Jibu la maswali yote mawili ni moja, nalo liko chini ya miguu ya watu wa Bofu: ni jiwe. Jiwe lile lile linaloleta maji kisimani ndilo linalochukua maji ya chooni. Kwa hiyo mtu anayeusifu mwamba huo kwa sababu ya choo chake, hana budi kuutilia shaka kwa sababu ya kisima chake.

MWAMBA WENYE MATUNDU

Mwaka 1953 serikali ya Kenya ilichapisha taarifa ya mtaalamu wa miamba, P. V. Caswell, juu ya nchi ya Mombasa na Kwale. Ukanda huo wa pwani umekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, uliojengwa na viumbe vya baharini zama ambazo bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo leo, na pamoja nao upo mchanga mwingi. Lakini si lazima mtu awe mtaalamu ndipo ayajue hayo. Fundi yeyote aliyepata kukata mawe ya kujengea nyumba ameona jinsi jiwe la pwani lilivyojaa matundu na nyufa, na jinsi maji yanayomwagwa juu yake yanavyotoweka mara moja.

Katika nchi yenye udongo mzito, maji hushuka polepole, na udongo huyachuja. Vijidudu vingi vinavyoleta maradhi hunaswa njiani, na kadiri siku zinavyopita vingi hufa kabla ya kufika mbali. Katika ufa wa jiwe la tumbawe hakuna chujio la namna hiyo. Maji hupita kama yapitavyo katika bomba, pamoja na yote yaliyomo.

Tena liko jambo jingine linalohusu nchi iliyo karibu na bahari. Maji ya mvua yakishuka katika mwamba huu hayachanganyiki upesi na maji ya bahari yaliyo chini yake, kwa sababu maji matamu ni mepesi kuliko maji ya chumvi. Huelea juu yake, kama mafuta yaeleavyo juu ya mchuzi. Mchimba kisima huchimba mpaka ayafikie maji hayo matamu, kisha huacha. Akizidi kwenda chini, au akiyavuta kwa pampu kupita kiasi, chumvi hupanda na kisima huharibika. Basi maji matamu ndiyo ya juu, na yaliyo juu ndiyo yanayopokea kwanza kila kinachoshuka kutoka uani: mvua na majitaka pia.

Mchimba choo naye hutaka shimo lidumu, kwa hiyo hulipeleka chini sana. Kadiri anavyokwenda chini ndivyo anavyoyakaribia maji yale yale yanayonywewa. Wakati wa masika maji ya chini hupanda, na shimo ambalo lilikuwa kavu mwezi wa Februari huenda likaingiwa na maji mwezi wa Mei. Hapo choo na kisima havina tena kizuizi kati yao. Na hata karo la saruji, kama limejengwa kuta nne bila kutiwa sakafu, si karo bali ni shimo lililovikwa nguo nzuri.

Kanuni inayofuatwa mahali pengi duniani ni kwamba choo kiwe mbali na kisima kwa mita 30 au zaidi, na sakafu ya shimo iwe juu ya maji ya chini kwa mita moja na nusu angalau. Kanuni hiyo ni njema, lakini iliwekwa kwa ajili ya udongo unaochuja. Katika mwamba wenye nyufa, mita 30 zinazopimwa kwa hatua juu ya ardhi si ahadi ya chochote chini ya ardhi. Tena viwanja vya mjini ni vidogo. Mtu huweza kutii kanuni ndani ya ua wake, akaweka choo pembe ya mwisho, kumbe pembe hiyo ndiyo inayopakana na kisima cha jirani.

ULIMI SI KIPIMO

Watu wa pwani wanayajua maji ya chumvi, wala hawadanganyiki nayo. Mtu huonja, akakunja uso, akasema kwamba maji hayo ni ya kufulia na kuoshea vyombo. Kisima kisicho na chumvi hupewa heshima, na watu hutoka mbali kuja kuteka. Lakini ulimi una kazi moja tu katika jambo hili: hujua chumvi, haujui maradhi. Maji huweza kuwa meupe kama kioo, matamu, yasiyo na harufu, na ndani yake mkawa na vijidudu vya kuua mtu mzima kabla ya jua kuchwa.

Hapa yafaa kuondoa kosa moja linalowapata hata watu wenye elimu ya dini. Fikihi hufundisha kwamba maji mengi yasiyobadilika rangi, ladha wala harufu yafaa kwa udhu. Hayo ni mafundisho ya tahara, na kwa tahara ni sawa. Hayakuwekwa kuwa kipimo cha kipindupindu. Maji yanaweza kumfaa mtu kwa sala yake, yakamdhuru mwanawe kwa kunywa.

Jambo hili liligharimu maisha ya watu wengi kabla halijafahamika, na mahali lilipodhihirika ni katikati ya mji wa London. Mwaka 1854 kipindupindu kiliingia mtaa wa Soho, na katika muda wa siku 10 hivi watu zaidi ya 500 walikufa karibu na barabara moja iitwayo Broad Street. Wakati huo matabibu wengi waliamini kwamba maradhi hayo huletwa na harufu mbaya. Tabibu mmoja, John Snow, alikwenda nyumba hata nyumba akiuliza waliokufa walikuwa wakinywa maji ya wapi. Akaona kwamba wengi wao walinywa maji ya kisima kimoja cha bomba la mkono kilichokuwa barabarani. Akawaendea wakuu wa mtaa, nao wakauondoa mpini wa bomba lile tarehe 8 Septemba.

Katika habari za Snow kuna kisa cha mwanamke mjane aliyekuwa amehamia Hampstead, mbali na Soho. Huyu alikuwa ameyapenda maji ya Broad Street kwa ladha yake, hata akawa akiletewa chupa kila siku. Aliyanywa, akaugua kipindupindu, akafa, ilhali huko alikokaa maradhi hayakuwapo. Alikuwa amechagua maji kwa ulimi.

Baadaye kasisi wa mtaa ule, Henry Whitehead, alitafuta chanzo. Akapata habari za mtoto mchanga wa nyumba nambari 40 aliyeugua kuhara akafa. Mama yake alikuwa akifua nguo za mtoto na kumwaga maji katika shimo la majitaka la nyumba. Shimo lile lilipofukuliwa, matofali yake yalikutwa yamelegea, nalo lilikuwa hatua moja tu kutoka kisimani. Hakuna aliyekusudia ubaya. Mama alifanya lile ambalo kila mama angefanya, na kisima kikalipeleka kwa jirani zake. Miaka 30 baadaye, mwaka 1884, daktari Robert Koch wa Ujerumani alithibitisha kijidudu chenyewe kinacholeta kipindupindu.

YALIYOPATA KUTOKEA KWETU

Asidhani mtu kwamba hayo ni mambo ya Ulaya. Miaka ya 1869 na 1870 kipindupindu kilishika Unguja na pwani, kikaua watu kwa maelfu. Daktari James Christie, aliyekuwa akikaa Unguja wakati huo, alikusanya habari za maradhi hayo katika kitabu alichokichapisha London mwaka 1876, akieleza jinsi kipindupindu kilivyotembea Afrika ya Mashariki tangu mwaka 1821, kikifuata njia za vyombo na za misafara. Katika mji wa Unguja wakati ule watu walikuwa wakiteka maji ya visima vilivyochimbwa katikati ya nyumba, na nyumba hizo zilikuwa na mashimo ya vyoo, na ardhi yake ni ya matumbawe kama ya Likoni. Sayyid Barghash, aliyetawala tangu mwaka 1870 hata 1888, aliwaletea watu wa mji maji ya chemchemi kutoka kaskazini ya mji kwa mabomba. Katika kazi zote alizozifanya Sultani huyo, kazi hiyo ndiyo iliyomfikia kila mtu kinywani.

Mombasa nayo ilifuata njia hiyo. Maji ya Marere yaliletwa kutoka milima ya Shimba mwanzoni mwa karne ya 20. Katika miaka ya 1950 likajengwa bomba la kutoka chemchemi za Mzima, lenye urefu wa kilomita 200 na zaidi. Kisha yakaja maji ya Baricho kutoka mto Sabaki, na visima virefu vya Tiwi upande wa kusini. Lakini watu wameongezeka upesi kuliko mabomba. Mifereji ya kuondoa majitaka ilijengwa katika sehemu za Kisiwa na za bara ya magharibi, ambako kiko kituo cha Kipevu cha kusafishia majitaka. Nyumba za Likoni hutegemea mashimo ya vyoo na makaro, na maji ya mfereji yasipokuja, kisima ndicho tegemeo.

Kwamba hatari hiyo ni ya kweli katika bara za Mombasa kumekwisha kuonyeshwa. Wataalamu waliochunguza maji ya chini ya Kisauni, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2006, walikuta vijidudu vya kinyesi katika visima, na wakaeleza kwamba vyoo vya mashimo na makaro yaliyosongamana juu ya mwamba huu ndiyo asili yake. Kisauni na Likoni zimetenganishwa na kisiwa, lakini mwamba wao ni ndugu.

Kipindupindu cha siku hizi kiliingia Kenya mwaka 1971, na tangu hapo kimerudi mara nyingi. Mwishoni mwa mwaka 1997, na mwaka 1998, baada ya mvua kubwa za El Niño, kilienea nchini. Kikaja tena mwishoni mwa mwaka 2014, kikaendelea mwaka 2015 na kuifikia Mombasa pia. Mwaka 2022 kikazuka tena. Hakiji peke yake. Homa ya matumbo, kuhara damu, maradhi ya ini yanayofanya macho kuwa ya manjano, na kuhara kwa watoto, yote hupita mlango huo mmoja: kinyesi cha mtu mmoja kuingia kinywani mwa mwingine.

MFEREJI NAO HAUKUSALIMIKA

Huenda msomaji akasema kwamba yeye hanywi maji ya kisima, anywa ya mfereji, kwa hiyo habari hizi hazimhusu. Maji ya mfereji hutiwa dawa, na yakifika yakiwa na nguvu ni salama kuliko ya kisima. Lakini bomba linalofunguliwa siku moja na kufungwa siku nyingine lina hatari yake. Likijaa, maji hutoka nje kwa kila ufa; likiwa tupu, huvuta ndani kwa kila ufa. Kama bomba limepita katika mtaro wa majitaka, au limetobolewa na mtu aliyejiungia kwa siri, uchafu ulio nje huingia, na maji ya kwanza yanayokuja baada ya siku za ukame huuleta mpaka ndooni. Ndiyo maana haifai kunywa maji ya mwanzo. Yaachwe yatoke, yafuliwe au yamwagiwe mimea, kisha ndipo mtu akinge ya kunywa.

Vivyo hivyo kwa maji ya mkokoteni. Mtungi wa lita 20 hausemi ulijazwa wapi. Mchukuzi mwaminifu huteka mfereji wa kweli. Lakini mfereji ukikauka na wateja wakingoja, kisima kiko karibu, na mtungi wenyewe huenda haujaoshwa ndani tangu uliponunuliwa. Mnunuzi ana haki ya kuuliza, lakini asiyafanye majibu ya kuuliza kuwa dawa ya maji.

LA KUFANYA NYUMBANI

Kwa kuwa mwamba hauwezi kubadilishwa, na mabomba hayajengwi kwa siku moja, kinga ya kwanza imo mikononi mwa kila nyumba. Wala haidai kwamba maji yote yatiwe dawa. Maji ya kufua, ya kuoga na ya kupigia deki yaweza kutoka kisimani. Maji ya kunywa, ya kusukutulia, ya kumchanganyia mtoto chakula na ya kuoshea matunda ndiyo yanayohitaji kazi, nayo ni machache: lita 2 hivi za kunywa kwa mtu kwa siku, na kidogo juu yake. Jamaa ya watu sita huhitaji mtungi mmoja, ambao nao hautakwisha.

Njia ya kale kuliko zote ni kuchemsha. Maji yakichemka kwa nguvu kwa dakika moja, vijidudu hufa. Hakuna haja ya kumaliza makaa kwa kuyaacha yachemke nusu saa. Yafunikwe, yapoe katika chombo kile kile.

Njia ya pili ni dawa ya klorini inayouzwa madukani kwa ajili ya maji ya nyumbani. Kipimo kimeandikwa juu ya chupa, nacho kifuatwe. Baada ya kutiwa, maji yangoje nusu saa kabla ya kunywewa. Kama maji ni ya tope, yachujwe kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa, kwa maana tope hula dawa. Lakini kuchuja peke yake hakutoshi, na shabu inayofanya maji kuwa meupe haiui vijidudu. Watu wengine huikataa klorini kwa harufu yake. Yafaa wafahamu kwamba harufu hafifu ya dawa katika kikombe ndiyo hati ya usalama wake.

Njia ya tatu haina gharama, ila ya chupa na jua, na jua la pwani halina uchache. Chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, ijazwe maji meupe, ifungwe, ilazwe juu ya bati mahali penye jua kwa saa 6. Kukiwa na mawingu, ikae siku mbili. Nguvu ya jua huua vijidudu.

Baada ya kuyasafisha, maji yaweza kuharibiwa tena na mkono. Mtungi wenye mdomo mwembamba na kifuniko ni bora kuliko ndoo ya wazi, na kumimina ni bora kuliko kuchota. Penye kata, iwe na mpini mrefu, itundikwe, isilazwe chini wala kuchezewa na watoto. Na mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kutoka chooni, baada ya kumtawaza mtoto, na kabla ya kugusa chakula. Kinyesi cha mtoto mchanga hudharauliwa na watu wengi, kana kwamba udogo wa mtoto ni udogo wa hatari. Kisa cha Broad Street kilianza kwa mtoto mchanga.

Maji ya mvua nayo yasisahauliwe. Ndani ya Fort Jesus mgeni huonyeshwa birika ambalo wenyeji wa ngome walikinga maji ya mvua, na kisima ambacho maji yake, kwa chumvi, yalikuwa ya kuoshea tu. Wenye ngome walijua kutenga maji kwa kazi zake. Bati safi, mfereji wa paa, na pipa lililofunikwa vyaweza kumpa mtu wa Bofu maji ambayo hayakupata kugusa mwamba, mradi mvua ya kwanza iachwe ioshe paa, na maji ya kunywa yatiwe dawa kama mengine.

Na kama maradhi yamekwisha kuingia, mgonjwa wa kuhara asinyimwe maji. Kinachoua katika kipindupindu ni mwili kukauka. Lita moja ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chumvi, vikorogwe pamoja, naye anyweshwe kidogo kidogo bila kuchoka, huku akipelekwa hospitali au zahanati bila kungoja kupambazuke. Paketi za dawa ya maji na chumvi zinazopatikana zahanati ni bora zaidi. Mtoto anyonyeshwe kama kawaida.

LA KUFANYA MTAANI

Yapo mambo ambayo nyumba moja haiyawezi. Kisima kijengewe ukuta kuzunguka mdomo, kifunikwe, kizungushiwe sakafu ya saruji yenye mteremko, na ndoo iwe moja tu, isiyotua chini. Kufua kufanywe mbali. Mambo hayo huzuia uchafu unaoingia kwa juu, na uchafu huo si mdogo. Hayazuii unaoingia kwa chini. Basi kisima kilichopambwa kwa saruji kisidhaniwe kuwa kimetiwa dawa. Kilicho karibu na vyoo kiandikwe wazi kwamba ni cha kufulia, ili mgeni na mtoto wa shule wajue.

Choo kipya kisichimbwe kabla ya kutazama pande zote nne, na ua wa jirani ukiwamo. Shimo fupi lililojengwa kuta na sakafu, linalojaa na kunyonywa, ni aibu kwa wenye kupenda sifa, lakini ni heri kwa wanaokunywa maji. Choo kinachojaa kimetunza amana yake. Kisichojaa kimeitoa kwa watu. Naye mwenye gari la kunyonya akimwaga mzigo mtaroni au ufukoni badala ya kuupeleka kituoni, atakuwa ameuhamisha uchafu mlango mmoja hata mwingine, na amelipwa kwa kazi hiyo.

Maji ya kisima yaweza kupimwa. Mabwana na mabibi afya wa kaunti huweza kuelekeza jinsi ya kuchukua maji katika chupa iliyosafishwa kwa moto au kwa dawa, ambayo hutiwa barafu na kufikishwa kwa wapimaji siku hiyo hiyo. Shirika la Afya Duniani limeweka kwamba katika mililita 100 za maji ya kunywa kisionekane hata kijidudu kimoja cha kinyesi. Lakini majibu ya kipimo ni ya siku ile tu. Kisima kilichopimwa wakati wa kiangazi kipimwe tena masika. Karani mmoja katika mtaa, mwenye daftari la kuandikia visima, tarehe na majibu, atawafaa jirani zake kuliko hotuba nyingi.

Wala kazi ya raia haiondoi wajibu wa wenye mamlaka. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, imempa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama kwa kiasi cha kutosha, pamoja na usafi wa kiwango kinachofaa; na huduma za maji na usafi zimewekwa mikononi mwa kaunti. Watu wa Bofu wanayo haki ya kuuliza, katika baraza na mikutano, bomba litaenea lini na majitaka ya Likoni yatapelekwa wapi. Watauliza vizuri zaidi wakiwa na daftari mkononi kuliko wakiwa na manung'uniko. Lakini mtoto aliye na kiu leo hawezi kungoja mkutano. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao: ahadi ya bomba la kesho isimfanye mtu auache mtungi wa leo bila kifuniko.

Siku mwenye nyumba atakapomwonyesha mpangaji chumba na kusema kwamba choo hakijai, mpangaji na aulize kisima kiko wapi. Kisha, lolote atakalojibiwa, aende akateleke birika.